Nyumba ya Nne

Tudor tulikaa miaka sita, chumba na ukumbi,
juu ya fundi wa feni. Nuhu alijifunzia kutembea
baina ya kitanda na jiko: hatua nne kwenda,
hatua nne kurudi, kisha ukuta.
Mimba ya pili ilipoanza kunibana mlangoni
nikamwambia Chengo, sasa tuhame,
mtoto huyu asije akadhani dunia ni hatua nne.

Yeye alitaka karibu na winchi zake za Kilindini.
Mimi nilitaka shule ya kufikiwa kwa miguu.
Mamangu, kwa simu, alitaka kwanza ajue
maji yanaingia siku ngapi kwa wiki.
Sote watatu tulikuwa na haki.
Mfuko ndio haukuwa na adabu.

Dalali Kitsao alitoza mia tano ya kuonyesha.
Kwake kila mtaa ulikuwa dakika kumi tu:
dakika kumi shule, dakika kumi soko,
dakika kumi hospitali.
Nikamuuliza, dakika za nani?
Akacheka, akafunua ukurasa mwingine.

Ya kwanza Nyali, ndani ya ukuta,
nyasi zimenyolewa kama kichwa cha mwanafunzi
siku ya kufungua shule.
Askari akaandika namba ya kitambulisho changu,
saa niliyoingia, saa niliyotoka.
Mbali na yeye hakuna aliyetaka kujua mimi nani.
Kodi, Chengo aliitamka polepole
kama asomaye jina la marehemu.

Ya pili Mikindani. Karibu na kazi, kweli,
ila malori hupita usiku kucha.
Nuhu alisimama kabatini akisikiliza sahani zikiteta.

Ya tatu, nyuma ya Bombolulu, bei nzuri, upepo mzuri,
kiwanja kina wenyewe wawili na kesi moja.
Tukaondoka bila kuonja maji.

Kiembeni nilirudi mara tatu, dalali sikumwambia.
Asubuhi, saa kumi na mbili unusu,
kuhesabu sare na kuona nani anawavusha barabara.
Siku nyingine saa sita, shuleni: niliomba choo.
Mwalimu Nyevu akanitazama, akajua ninachotafuta,
akanipa ufunguo.
"Matundu sita," akasema,
"wasichana mia mbili na kumi. Sikufichi."
Darasa la kwanza watoto sitini na mmoja,
na kila daftari nililofunua
lilikuwa na wino mwekundu wa jana.

Jioni ya tatu tulikwenda sote.
Tukiwa jikoni, Chengo kidole kwenye ufa,
nikasikia nje:
"Wee! Wee wa shati la njano! Shuka kwenye tangi!
Ukivunjika mguu, nitakuvunja huo mwingine!"

Nilitoka damu imenipanda.
Kumgombeza mwanangu, kamtuma nani?
Nikamkuta mama mnene, unga wa mahamri hadi viwikoni,
kichwa wazi: leso yake ameitandaza kwa mikono miwili
chini ya tangi, miguu kaipanua,
tayari kumdaka.
Neno langu likanifia mdomoni.
Naye, bila kunitazama:
"Wako? Haya, mshike mguu wa kushoto."

Njiani Chengo akasema, ule ufa.
Nikasema, utazibwa.
Akasema, na daraja, na foleni, na zamu ya alfajiri?
Sikuwa na jibu. Bado sina.
Huamka saa tisa unusu, namsikia gizani
akipapasa viatu ili asituamshe,
nami najifanya nimelala, ili asijue kashindwa.

Maji huingia Jumanne
na, Mungu akipenda, Ijumaa.

Juzi kiatu cha Nuhu kilipotea.
Usiku kikabishiwa hodi, kimepitia milango mitatu,
kimeoshwa, kimefungwa kamba mpya,
na ndani, katika kipande cha gazeti,
hamri moja, la moto bado.